Taa Mbili Zilizokataa Kutulia: Kisa cha Delica Space Gear Inayopanda Mtae

Mwalimu alishuka na gari lake mpaka kwangu Mombo mwezi wa tatu, wiki ya pili tangu masika yaanze. Ni Mitsubishi Delica Space Gear ya 1997, dizeli, injini ya 4M40 ya lita 2.8, gia otomatiki. Tangu astaafu analitumia kubeba watu na mizigo yao kati ya Mtae na Lushoto mjini, zaidi ya kilomita 60 za milima ya Usambara. Udongo wa huko ni mwekundu. Kiangazi ni vumbi la kupangusa tu, lakini ukilowa unateleza kama sabuni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Gari limenishinda."

Siku tatu kabla alikuwa anapanda kilima baada ya Lukozi, abiria saba ndani na magunia mawili ya viazi nyuma. Alivuta liva ya fowili, ile inayoyapa nguvu magurudumu yote manne, mpaka 4HLc kama alivyozoea. Magurudumu ya nyuma yakachimba, ya mbele yakakaa kimya. Abiria wakateremka kusukuma, wakafika Lushoto giza limeingia. Fundi aliyeliona kwanza akamwambia transfa, kile kisanduku kinachogawa nguvu kwenda mbele na nyuma, imekufa, atafute nyingine eneo la Gerezani, Dar es Salaam. Alikuwa ameshakusanya karibu nusu ya hela. Alikuja kwangu kuuliza kama anaweza kufungiwa hiyo transfa kabla ya Pasaka.

Nilimwomba tusifungue kitu chochote kwanza. Tukakaa ndani, yeye kwenye usukani na mimi pembeni, tukaangalia taa.

Space Gear ina kitu ambacho madereva wengi hukiona kama pambo. Kwenye dashibodi kuna picha ndogo ya gari lenye magurudumu manne, na kila gurudumu lina taa yake ya kijani. Katikati kuna taa ya rangi ya chungwa. Liva ikiwa 2H, zinawaka za nyuma mbili. Ikiwa 4H, zinawaka zote nne. Ukivuta mpaka 4HLc, na ile ya katikati inawaka, maana yake difu ya kati, yale meno yanayogawa nguvu nyuma na mbele, imefungwa. 4LLc ni hivyohivyo, ila gia nzima imeshushwa, nguvu inakaribia kuzidishwa mara mbili na mwendo unapungua kwa kiasi hichohicho. Unapobadilisha, taa zinapepesa kidogo wakati vyuma vinatafutana, kisha zinatulia. Isiyotulia inakuonyesha chuma ambacho hakijafika mahali pake.

Mwalimu alivuta 4HLc, tukasogea mbele mita kumi, tukarudi nyuma mita kumi. Taa ya katikati iliwaka ikatulia. Za nyuma zilitulia. Mbili za mbele ziliendelea kupepesa, na zilikuwa bado zinapepesa tulipozima injini.

"Hizi zimeanza lini?"

"Zamani. Toka vuli ya mwaka juzi. Nilidhani ni waya."

Hapo nikajua kwamba transfa haikuwa na kosa. Taa ya katikati isingetulia kama transfa ingekuwa imeshindwa kufunga. Tatizo lilikuwa mbele zaidi, na ili Mwalimu akubali kuachana na mpango wa kununua transfa, nilichora njia ya nguvu kwa chaki kwenye sakafu ya gereji. Naieleza hapa vilevile, kwa sababu mwenye gari akiijua njia hii, ni vigumu kumuuzia kipuri asichokihitaji.

Nguvu inatoka kwenye giaboksi inaingia transfa. Ndani ya transfa kuna difu ya kati, inayogawa nguvu nusu kwa nusu, nyuma na mbele. Sehemu ya nyuma inakwenda moja kwa moja kwenye propela shafti ya nyuma, kile chuma kirefu kinachozunguka chini ya gari. Sehemu ya mbele inavushwa kwa mnyororo mpaka propela ya mbele, halafu difu ya mbele, halafu shafti mbili za magurudumu. Mfumo huu Mitsubishi waliutoa na Pajero ya kizazi cha pili mwaka 1991, na Space Gear ilipotoka 1994 ikaupata. Ndiyo maana fundi aliyekulia kwenye Pajero za miaka ya 90 hapotei akiwa chini ya gari hili.

Sasa, shafti za mbele hazifanani. Moja ni nzima kutoka difu mpaka gurudumu. Ya pili imekatwa katikati, na vipande viwili vinaunganishwa na pete yenye meno kwa ndani. Liva ikiwa 2H, pete inasogezwa pembeni na vipande vinaachana. Gurudumu la shafti nzima linazungusha meno ya difu, kipande cha ndani cha upande wa pili kinazunguka kinyumenyume, na propela ya mbele inapumzika. Gari linakuwa jepesi na mafuta yanaokolewa. Ukiweka 4H, transfa kwanza inaizungusha propela ya mbele mpaka ilingane na mwendo wa gari, kisha pete inateleza na kuvikamata vipande vyote viwili. Kwa sababu hiyo unaruhusiwa kutoka 2H kwenda 4H gari likiwa linatembea, mradi usukani umenyooka na magurudumu ya nyuma hayatelezi. Kuingia 4LLc ni lazima usimame.

Pete isipokamata, kinachofuata ndicho kilichomsumbua Mwalimu. Difu huupa kila upande nguvu sawa na ile ambayo upande dhaifu unaweza kuipokea. Shafti iliyokatwa inazunguka hewani, haipokei kitu, basi na gurudumu la upande mzima halipati kitu. Kosa ni la upande mmoja lakini magurudumu yote mawili ya mbele yanakufa. Ukifunga difu ya kati, angalau nyuma inapata nguvu, na unabaki na gari la magurudumu mawili lenye uzito wa gari la manne.

Kuthibitisha hilo hakuhitaji kompyuta. Tuliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, hendibreki juu, gia kwenye nyutro, injini inaunguruma, liva 4HLc. Tukapiga jeki gurudumu la mbele la upande wa shafti iliyokatwa, na stendi chini yake. Kwenye gari lisilo na kosa, gurudumu hilo lingekataa kuzunguka, kwa sababu limefungwa mpaka nyuma. Nililizungusha kwa vidole viwili, kama la baiskeli.

Kinachoisogeza pete ni vakyumu, yaani mvuto wa hewa. Kuna kopo dogo la chuma karibu na difu ya mbele, ndani yake kiwambo cha mpira, na uma unaoshika pete. Mipira miwili inaingia kwenye kopo, mmoja wa kuvuta pete ikamate, mwingine wa kuirudisha. Valvu mbili za umeme zinaamua upi upate mvuto. Mvuto wenyewe unatoka kwenye pampu ileile inayolainisha breki, na breki za Mwalimu zilikuwa laini, kwa hiyo pampu sikuihangaikia. Nilichomoa mipira yote miwili kwenye kopo, nikaziba mmojammoja kwa kidole huku kijana wangu akibadilisha liva. Kwenye 2H, mpira wa kurudisha ulinivuta ngozi mpaka ikaacha alama. Kwenye 4H, mpira wa kukamata haukunigusa. Nilisikia valvu ikilia tik. Umeme ulikuwa unafika, ila mvuto haukufika.

Niliufuata mpira kwa mkono kutoka kwenye kopo kwenda juu. Mita ya kwanza ulikuwa mweusi, mgumu, wa kiwandani. Halafu vidole vikakutana na kitu laini. Mtu fulani, siku fulani, aliukuta mpira umepasuka akaunga kipande cha mpira mwembamba wa maji ya waipa, ule wa plastiki unaoona ndani. Kwa maji ya waipa ni sahihi kabisa, maana maji yanasukumwa. Vakyumu inavuta. Joto la injini lilikuwa limeulainisha, na kila valvu ilipofunguka, mpira ule ulijibana kuta zake zikagusana, kama mrija wa soda mtoto anapofyonza barafu. Nilimwita Mwalimu aje aone kwa macho yake. Kijana akapeleka liva 4H, kile kipande kikalala bapa mbele yetu.

Akakitazama muda. "Basi ni hiki tu?"

Nilisema ndiyo, na hapo niliharakisha.

Tulibadilisha mipira yote ya mfumo ule, si kipande kimoja, kwa sababu mpira uliokaa karibu na injini miaka zaidi ya 20 ukikatika mahali pamoja utakatika na pengine. Tulitumia mpira mnene wa vakyumu. Gharama yake yote haikufikia nusu tangi ya dizeli. Taa nne zikatulia, gurudumu likagoma kuzunguka kwenye jeki, Mwalimu akaondoka anacheka. Asubuhi ya pili akapiga simu. Lushoto kulikuwa na baridi na ukungu, na taa za mbele zilikuwa zinapepesa tena. Saa nne, jua lilipotoka na gari likapata moto, zikatulia zenyewe.

Kosa linalokuja na baridi na kuondoka na joto si la mpira mpya. Kuna kitu kilikuwa kizito. Nikamwomba arudi.

Safari hii nilifungua nati ya kumwagia oili ya difu ya mbele, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningemsikiliza vizuri aliposema "toka vuli ya mwaka juzi". Ilitoka chai ya maziwa, nzito, yenye povu pembeni ya beseni. Oili ya difu iliyochanganyika na maji ina rangi hiyo na huwezi kuikosea. Mwanzoni yalitangulia matone ya maji matupu, kwa sababu maji hukaa chini. Tulipoitoa nyumba ya pete, njia ya uma ilikuwa na kutu ya rangi ya tangawizi kwenye nusu yake moja, ile ambayo pete huikanyaga inapokwenda kukamata. Kwa mwaka mzima na zaidi haikupita hapo hata mara moja, kwa hiyo kutu ilipata nafasi ya kukaa. Kopo lilikuwa na nguvu ya kuisukuma pete juu ya kutu oili ikiwa ya moto na nyepesi. Oili ikiwa ya baridi na imechanganyika na maji, ilishindwa.

Maji yaliingia wapi? Kila difu ina kipumulio, kitundu chenye kifuniko kidogo kinachoruhusu hewa ya moto kutoka. Difu ikipata moto barabarani halafu ukaitumbukiza kwenye kijito, inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na difu inavuta chochote kilicho jirani. Kipumulio kikiwa kimezibwa na tope, inavuta kupitia sili. Cha Mwalimu kilikuwa kimezibwa kabisa, nilikitoboa kwa waya. Alikumbuka siku yenyewe. Vuli ile kalavati lilisombwa, na kwa wiki mbili magari yote yalikuwa yanapita ndani ya maji.

Kwa hiyo ajali ilikuwa moja na makosa yalikuwa mawili. Maji yaliifanya pete kuwa nzito, mpira mwembamba ukaunyima uma nguvu. Kila kosa lingeweza kuvumiliwa peke yake. Yalipokutana, fowili ikafa kimyakimya, na taa zikaendelea kusema kila siku bila mtu wa kuzisikia.

Tulisafisha njia ya uma kwa brashi na dizeli mpaka chuma kikang'aa. Tuliweka oili ya GL-5 80W-90, tukaendesha kilomita 20, tukaimwaga ikiwa ya moto, tukaweka nyingine. Ya kwanza ilitoka na ukungu, ya pili ilibaki safi. Kipumulio tulikiunga mpira mrefu ukapanda mpaka juu kwenye chumba cha injini, mahali ambapo maji yakifika hapo gari lenyewe limeshaelea. Kazi hiyo ni ya nusu saa na nawasihi wote wenye magari ya fowili wanaovuka maji waifanye. Difu ya nyuma tulikuta oili nyeusi lakini haina maji. Transfa ilikuwa nzima, oili yake safi, nilipandisha kiwango tu. Hapo angalieni kitabu cha gari, maana transfa na giaboksi za gia za mkono mara nyingi hutaka GL-4, na mafundi wengi humwaga GL-5 kila mahali kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Dawa iliyomo ndani ya GL-5 inafaa sana kwa meno ya difu, lakini baadhi ya aina zake hula vyuma vya njano vinavyosaidia gia kuingia.

Lililonipa hofu zaidi lilikuwa kaplingi ya viskasi. Imefungwa pamoja na difu ya kati, ina sahani nyingi nyembamba ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Kwenye 4H difu ya kati iko huru, na gurudumu moja likianza kuteleza, tofauti ya mwendo inazikoroga sahani, mafuta yanapata moto na kushikana, na nguvu inarudishwa upande wenye mshiko. Imetengenezwa kwa kazi ya sekunde chache. Mwalimu aliendesha kwenye 4H wakati pete haijakamata. Nguvu ilikuwa inakimbilia kwenye shafti iliyokatwa, na kilichobaki kulisukuma gari ni kaplingi peke yake, kilometa baada ya kilometa, na abiria ndani. Alikuwa ameniambia kwamba kwenye 4H gari husita kuondoka, kama klachi iliyokwisha. Nilidhani ni umri wa giaboksi. Ilikuwa ni kaplingi inateleza huku imebeba kila kitu.

Hata hivyo jambo hilohilo lilikuwa ushahidi mzuri. Kama kaplingi ingekuwa imekufa kabisa, gari lisingesogea lilipokuwa 4H. Lilisogea, basi bado ilikuwa na nguvu. Ubaya wa pili ni kuganda, mafuta yakiungua kaplingi inashika moja kwa moja. Tulikwenda uwanja mkavu, 4H, usukani umekatwa mpaka mwisho, mwendo wa kutembea kwa miguu, mduara kulia na mduara kushoto. Gari lililoganda hujivuta na kuruka kana kwamba umeshika breki. Hili lilizunguka bila kulalamika.

Wakati tunazunguka niliona matairi. Nyuma mapya mawili, mbele yameliwa. Kwa hesabu ya karatasi, tairi la 235/75R15 likiwa jipya huzunguka kama mara 434 kwa kilometa moja. Likipungua milimita sita za kashata, yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara, huzunguka kama mara 441. Kwenye 2H tofauti hiyo haina neno. Kwenye 4H, mizunguko saba ya kila kilometa inalipwa na difu ya kati na kaplingi, bila kupumzika, hata kwenye lami iliyonyooka. Ukifunga difu ya kati kabisa, inalipwa na mnyororo na meno. Nilimwambia Mwalimu anunue manne kwa pamoja zamu ijayo, na kwa sasa akiwa kwenye lami abaki 2H. Hela ya transfa aliyokuwa ameikusanya ilitosha matairi na ikabaki.

Kuhusu matumizi tuliongea kirefu tukinywa chai, na mengi alikuwa anayajua kwa mazoea. 4HLc ni ya tope na kokoto tu. Kwenye lami kavu, kila kona magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, na difu iliyofungwa hairuhusu, kwa hiyo vyuma vinajikaza kama kamba inayosokotwa. Ukirudisha 4H na taa ya chungwa ikakataa kuzima, usiilazimishe liva. Rudi nyuma mita chache usukani umenyooka, vyuma vitajilegeza. Jipya kwake lilikuwa 4LLc kwa kuteremka. Alikuwa anaiweka kwa ajili ya kukwama peke yake, na mteremko alikuwa anaushuka kwa breki mpaka zinanuka. Na jingine ni kwamba fowili isiyotumika inaugua. Kila mwezi, hata kiangazi, aiweke 4H kwenye barabara ya vumbi kwa kilomita kumi, pete isogee na njia yake ipate oili.

Tulipaka grisi kwenye viungo vya propela zote mbili, tukaangalia mipira ya sivijointi, vile viungo vya shafti za magurudumu ya mbele. Yote ilikuwa mizima.

Masika yaliendelea mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Mwalimu alipita pale Lukozi mara nyingi, na siku moja alisimama juu ya kilima kunipigia simu akiwa na abiria wake, nikasikia watu wanaongea kwa Kisambaa nyuma yake. Kijani nne, chungwa moja, zote zimetulia, ndivyo alivyonisomea. Mwezi wa sita niliimwaga oili ya difu ya mbele kidogo kwenye kikombe cheupe ili niione rangi. Ilikuwa safi. Sili ya upande wa pete inatoa jasho jembamba, kwa sababu kutu ilikwaruza shafti pale inapokaa. Tumekubaliana aje mwezi wa tisa, kabla ya vuli, tuibadilishe.